Kambwa ka Mama

Mbeya,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Elisante,

Shikamoo. Nimeitanguliza shikamoo usije ukasema nimesahau nani alizaliwa kwanza, maana yanayofuata huko chini hayatakupendeza. Habari za Same? Wifi na watoto hawajambo? Ule upepo umetulia au bado unawamwagia vumbi dukani? Mimi ni mzima. Mguu uliokuwa ukinisumbua umepona, mvua za huku zimeanza, na baridi yake unaijua, mtu analala na koti. Kazini bado nipo, ingawa siku hizi ukifika asubuhi ukakuta kiti chako hakijaondolewa unamshukuru Mungu. Wachapaji wawili wamepunguzwa, tumebaki wawili, na mashine za taipu zimekuwa nyingi kuliko watu.

Sasa tuje kwenye barua yako. Nimeisoma mara tatu, na kila mara chai yangu imepoa. Unaniarifu, huniulizi, kwamba mama atashuka Same kabla ya masika. Kwamba nyumba ya Vudee umeshampatia mpangaji, mwalimu mgeni. Kwamba ile kahawa ni ya kung'oa kwa sababu haina bei. Halafu mwishoni, kama mtu anayefukuza nzi, unaandika: "Na hayo mambo ya mbwa achana nayo, mbwa ni mbwa tu." Kaka, nimekasirika. Ninakuandikia nikiwa nimekasirika, na sitaki kungoja hasira iishe kwa sababu ikiisha nitakuandikia upuuzi wa kukubembeleza.

Najua ulivyoumia wezi walipoingia kwa mama. Hata mimi niliumia. Walianza na kuku, wakarudi wiki ya pili wakabeba cherehani yake, naye amelala chumba cha pili hajui lolote, kwa kuwa masikio yake sasa ni ya kusikia ngurumo tu, nazo kwa bahati. Hofu yako ni ya kweli, siicheki. Lakini dawa uliyochagua ni ya kumuua mgonjwa. Umesahau alipokuja kwako kutibiwa? Wiki tatu alilala sakafuni kwa joto, na kila asubuhi alimwuliza wifi kama maji ya bwawa letu la ndiva yamefunguliwa, asije akapitwa na zamu yake ya kumwagilia. Huko juu pembe inayoita watu kwenye kazi ya pamoja ya msaragambo haisikii tena, lakini jirani hupita kumgusa bega, na bado ndiye anayefika wa kwanza na jembe lake. Mtu huyo ndiye unayetaka kumkalisha nyuma ya duka, kati ya magunia ya sukari, awe anatazama migongo ya wateja.

Nilipokuwa likizo mama aliniita jikoni, akafunga mlango kana kwamba yeye ndiye mwenye kusikia na sisi wengine ni viziwi. Tangu nianze kazi hajawahi kuniomba kitu, hata khanga. Siku hiyo aliomba. Akasema, "Nitafutie kambwa kadogo. Kadogo kabisa, kalale chini ya kitanda changu. Mtu akija kaparamie blanketi kanikwaruze, niamke." Nikamwambia, mama, wewe uliyekuwa ukimfukuza Simba kwa ufagio akikanyaga tu kizingiti? Akasema Simba alikuwa mbwa wa watu wanaosikia. Alipokuwa msichana akifua nguo kwa wamisionari kule Gonja aliona kambwa ka Bibi mmoja, mtu akibisha hodi kanamvuta bibi gauni. Tangu hapo hajakasahau. Na kwa kuwa ni Mpare hakuliacha lililo muhimu: "Tena kadogo vile hakatamaliza makande yangu."

Kisha akaniambia neno ambalo sikukuambia. Alisema, "Elisante akiniona nalala salama, ataniacha nyumbani kwangu." Ndiyo maana nimehangaika miezi yote hii. Nilikuwa nahangaikia nyumba ya mama, wewe ukaona nahangaikia mbwa.

Nilianza mahali pabaya, na nitakusimulia ili ucheke upesi umalize. Sokoni kuna jamaa mwenye kofia ya sufi, huuza saa, betri, sabuni za kutoka ng'ambo, na tangu mambo yawe ruksa huuza na watoto wa mbwa ndani ya boksi. Anasema wamevuka Tunduma kutoka Lusaka. Akanitolea mmoja mweupe anayeenea kiganjani.

"Mama, huyu hakui. Atabaki hivihivi mpaka uzeeni."

"Ana umri gani?"

"Mwaka na nusu. Mbegu ya Lusaka hiyo."

Meno yake yalikuwa kama sindano, na tumbo limejaa kama ngoma. Mtu yeyote aliyekulia kwenye mifugo angejua kwamba huyo ni mtoto wa wiki nne, ameachishwa kunyonya kabla ya wakati na amejaa minyoo. Na mimi nimekulia kwenye mifugo! Lakini nilitaka kuamini, na bei ilikuwa ndogo, na nilishajiona napanda Vudee na kikapu. Siku ya pili akaanza kuhara damu, siku ya tatu akafa mikononi mwangu. Nilimzika nyuma ya jiko nikalia, na silii kwa urahisi.

Nikarudi sokoni. Unajua yule jamaa alinijibu nini mbele za watu?

"Mama, nilikuambia hakui. Je, amekua?"

Soko zima likacheka. Muuza nyanya alishika mbavu. Kaka, damu ilinipanda mpaka nikaona giza. Nikamwambia vizuri sana, twende kwa mjumbe. Mjumbe wetu ni mtu mzima mpole, akasikiliza, akaniuliza mimi ni kabila gani. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini akasema, "Aa, Mpare. Basi kesi hii haitaisha leo." Na kweli haikuisha. Tulikaa vikao vitatu. Nilileta ushahidi wa muuza nyanya huyohuyo aliyecheka, na kwenye kikao cha tatu jamaa akakiri kwamba Lusaka hajawahi kuiona, mbwa walitoka uwanjani kwa shemeji yake, karibu na kinu cha kusaga. Akanirudishia nusu. Watu wa ofisini walisema nimepoteza siku tatu kwa ajili ya mbwa aliyekufa. Niliwaambia kwetu mtu hapotezi siku akidai haki yake.

Kisha kuna yule mfanyabiashara wa Uhindini aliyejenga ukuta juzijuzi na kupandisha vioo juu yake. Mbwa wake mdogo alikuwa amezaa, nikaenda na gauni langu la kanisani. Hakunikaribisha hata ndani ya geti. Akanitajia bei kwa dola. Dola! Mbwa kazaliwa Mbeya, mama yake anakula ugali wa Mbeya, anabweka kwa watu wa Mbeya, na bei yake inasemwa kwa pesa ya watu wengine. Nilipomwomba kadi ya chanjo alicheka akasema mbwa wa aina hii hawaugui. Miaka ile tulipopanga foleni ya sukari tulijua angalau kwamba sukari ni sukari. Sasa kila kitu kipo, na hujui ulichonunua mpaka kikufie.

Aliyeniokoa ni bwana mifugo, mzee mmoja anayechanja ng'ombe, nilimchapia ripoti yake siku moja bila malipo. Aliniambia, "Ukitaka mbwa mzima acha soko. Panda Tukuyu kwa mkunga."

Mkunga huyo anaitwa Bi Tusajigwe. Ni mstaafu, mjane, na ana mbwa wadogo wenye nywele ndefu ambao uzao wao aliachiwa na familia ya shamba la chai iliporudi kwao Ulaya. Nyumba yake ni ya kawaida, bati limeshika kutu, lakini banda la mbwa limepakwa chokaa na linanukia dawa. Na kila jike ana kadi. Ndiyo, kadi, kama zile za kliniki ya wajawazito: amepandwa lini, na dume gani, amezaa wangapi, wangapi wamekufa na kwa nini. Waliokufa ameandika kwa wino mwekundu. Hapo ndipo nilipomwamini, kwa sababu yule wa sokoni na yule wa dola hawakuwa na wafu hata mmoja.

Lakini huyo bibi alinihoji, kaka! Niliyeomba mimi, niliyehojiwa mimi. Atakaa wapi? Nani atamlisha? Kuna baridi au joto? Mama yako ana hasira? Anapiga wanyama? Amewahi kufuga nini, na walikufaje? Nilijiona kama mshenga aliyepelekwa kuposa binti wa chifu bila hata kibuyu cha pombe. Nilikaribia kuondoka. Kilichonizuia ni kwamba aliniita bandani, akanionyesha mama mbwa akinyonyesha, akaniambia niangalie macho, masikio, na nyuma ya mkia kama ni pasafi. Akasema, "Anayekuuzia mtoto na kukuficha mama, mkimbie."

Kisha akataja bei. Hakuipandisha kwa sababu ya koti langu, aliitaja kama mtu anayetaja uzito wa mtoto. Ilikuwa mishahara yangu mitatu, na wa mwezi uliopita bado hatujaupata. Nilitaka kuondoka na aibu yangu. Ndipo nikakumbuka kwetu.

Nikamwambia, "Mama, kwetu Upare mtu akikosa pesa ya kununua ng'ombe, hakosi ng'ombe wa kufuga. Mwenye nao humpa amfugie. Maziwa na mbolea ni vya anayefuga, ndama wa kwanza ni wa mwenyewe. Nifugishe jike mmoja. Akizaa, uzao wa kwanza ni wako."

Akageuka kulitazama banda. Kulikuwa na jike mmoja wa miezi minne aliyebaki, kwa sababu ana mabaka ya kahawia na wanunuzi wa mjini wanataka weupe mtupu. Mzima kabisa, amechanjwa, amepewa dawa ya minyoo. Bibi akauliza, "Na akifa huko milimani kwenu, nitajuaje?"

Nami, kaka, nikajibu kama baba angejibu. Nikasema, "Akifa tutakuletea ngozi."

Ungeuona uso wake! Alimkumbatia yule mtoto wa mbwa kana kwamba nimekwisha kutoa kisu. "Ngozi? Mtamchuna mbwa wangu? Toka. Toka nyumbani kwangu!" Nilisimama nje ya mlango nikieleza kwa sauti huku majirani wakitoka kutazama: kwamba ngozi ndiyo uaminifu wenyewe, kwamba mnyama wa watu akifa humzikii gizani ukasema alipotea, unampelekea mwenyewe ngozi aone hukumuuza wala hukumla, na aone kama ni ugonjwa au ni chui. Nilieleza mpaka machozi ya hasira yakanitoka, maana nilishakataa dola, nimeshinda kesi, na sasa nafukuzwa kwa sababu ya adabu ya kwetu.

Akafungua mlango akasema polepole, "Nimegawa mbwa miaka mingi. Nikiuliza yuko wapi, wananiambia aligongwa na gari, alikimbia, aliibwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniahidi kunionyesha." Akanipa kiti. Akanipa na viazi. Tulikubaliana kwamba ngozi basi, Mungu apishe mbali, barua inatosha, yenye sahihi ya mjomba Zefania.

Mkataba nimeuchapa mwenyewe kazini wakati wa chakula cha mchana, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Moja anayo Bi Tusajigwe, moja ninayo, moja imo ndani ya bahasha hii. Usome. Mbwa atakaa Vudee, kwa mama, kwenye ubaridi, kwa kuwa nywele zake haziwezi joto la tambarare. Same imetajwa kwa jina kuwa ni marufuku zaidi ya siku moja. Mfugaji ni mama. Harudishwi kabla ya kuzaa isipokuwa kwa ugonjwa. Na kwa kuwa kwetu mnyama wa watu hapokelewi bila mdhamini, na mdhamini wa nyumba ni mtoto wa kwanza wa kiume, nimekuandika wewe. Jina lako lote, kwa herufi kubwa. Najua sikukuomba ruhusa. Wewe nawe hukumwomba mama.

Mbwa anakuja na Mzee Athumani, yule wa Same mjini anayefuata mchele Kyela. Ni mtu wa dini yake na mate ya mbwa hataki yamguse, lakini aliposikia ni mbwa wa mama alisema, "Kikapu nitabeba. Mbwa mwache abebwe na kikapu." Nimefunga kifuniko kwa kamba ya katani na kuweka kitambaa cha kulowanisha wakipita Segera kwenye joto. Atafika kwako Alhamisi Mungu akipenda. Mpe maji kwanza, chakula baadaye. Siku mbili za mwanzo ale uji aliouzoea, wa mahindi na dagaa waliopondwa, usimpe mifupa wala mabaki ya pilau ya wifi. Kadi yake ya chanjo imo chini ya kitambaa, usiipoteze, chanjo ya kichaa inarudiwa. Usimfunge kamba dukani watoto wamchezee. Na usimpe mtu mwingine ampandishe Vudee. Mpandishe wewe.

Ndiyo, wewe. Ukifika, mwite mjomba, umkabidhi mama mbele yake, na mama aseme kwa mdomo wake, "Nimepokea." Usimsemee. Ulale huko usiku mmoja. Mjomba agonge mlango wakati mama amelala, uone kitakachotokea kitandani. Kama hakaamki, kama hakamkwaruzi, basi niandikie nitakuomba radhi kwa barua ndefu kuliko hii, na tutakaa watoto wote tuzungumze upya. Lakini nimekalaza chini ya kitanda changu wiki mbili, kaka, na jirani yangu hawezi kuvuta kiatu barazani bila mimi kupata makucha shingoni. Jina hajapewa. Hilo ni la mama.

Msalimie wifi, mwambie sijakasirikia upishi wake. Mjomba Zefania mpe shikamoo yangu na umsomee sehemu ya mkataba, si sehemu ya soko. Wasalimie watoto wako wote, na jirani wa mama anayemgusa bega, huyo mpe kilo moja ya sukari kutoka dukani kwako, kwa heshima na si kwa mkopo. Huyo mwalimu mpangaji mwombe radhi mapema kabla hajafunga mizigo.

Nimesahau jambo moja, ambalo lazima ulijue kama mdhamini. Kwa sheria ya Bi Tusajigwe, jike hapandwi kabla ya joto lake la tatu, ambalo si leo wala mwakani. Tena hapandwi na dume yeyote wa Vudee. Dume atamleta Bi Tusajigwe mwenyewe kutoka Tukuyu, akishapata nauli. Nauli ataitoa kwenye pensheni. Na pensheni, kaka, nimemchapia mimi barua nne za kuiulizia, na hakuna aliyejibu hata moja. Mpaka siku hiyo mama ana mnyama wa watu ndani ya nyumba yake, na mwenye mnyama wa watu hahami.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuheshimu hata hasira zikinijaa,

Namkunda